Sketi ya Feliciana

Kila mtindo ulioingia katika sekondari ile ya Njombe ulipita kwanza mikononi mwa Dorosela. Walimu walikuja wakahamishwa, wakuu wa shule wakapokezana kiti, lakini cherehani yake haikubanduka barazani mwa nyumba yake, hatua chache chini ya geti la shule, tangu mwaka wa themanini na mbili aliporudi kutoka Uwemba ambako masista walimfundisha kushona. Mwanafunzi akitaka suruali ibane, anashuka kwa Dorosela. Akitaka ipanuke, anashuka kwa Dorosela. Na mwalimu akimtimua mwanafunzi kwa sababu suruali imebana mno au imepanuka mno, anashuka palepale kwa Dorosela, safari hii amenuna.

Kwa hiyo Mwalimu Judith alipofika barazani asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu haujainuka bado, hakuwa amepotea njia.

"Kamwene, Mama Manase."

"Kamwene, mwalimu. Sogeza hicho kigoda karibu na pasi upate joto."

Judith akakaa, akanyoosha vidole juu ya pasi ya mkaa. Akaeleza kwamba mwezi wa nane shule inatimiza miaka hamsini. Wageni watakuja, na wanafunzi waliosoma pale zamani wataalikwa wote. Kamati imekubaliana kwamba vijana wapite mbele ya wageni wamevaa kama walivyovaa wenzao wa kila wakati, kuanzia miaka ya sabini hadi leo.

"Mkuu wa shule akauliza, nani anakumbuka hayo yote? Sisi wote tukakutaja wewe."

Dorosela akacheka. "Sabini nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, mwalimu. Lakini nilikuwa nawaona nikipita na mzigo wa kuni. Wavulana na pekosi zao, miguu ya suruali mipana inafagia barabara, na chanuo limechomekwa nyweleni. Tulikuwa tunawafuata nyuma tunawacheka. Wakigeuka, tunatupa kuni tunakimbia."

"Na tisini?"

"Tisini ni masweta! Mitumba imefurika, kila msichana anatafuta sweta la mtu mzima. Mikono inafunika vidole vyote, na kidole gumba wanakitobolea tundu pembeni. Mimi nafuma kuziba tundu, kesho limetobolewa tena. Halafu elfu mbili ikaja, wavulana wakaanza kushusha suruali. Mtoto anakuja hapa, kiuno chake chembamba kama cha nyigu, anasema, 'Mama, niongezee kiuno.' Namuuliza, kiuno kipi? Kisha haohao, miaka si mingi, wakataka modo, zile za kubana mpaka kifundoni. Kuna mmoja nilimshonea modo asubuhi, jioni wenzake wawili wakamleta amebebwa. Suruali haivuki! Ikabidi nifumue mshono akiwa ndani yake, amefumba macho anasali."

Judith alicheka mpaka akatoa leso. "Na hawa wangu wa sasa?"

"Hawa wako wamenishinda. Siku zote walimu wanalia sketi fupi, sketi fupi. Leo wasichana wenyewe wanataka ndefu mpaka kifundoni, wanazoa tope la Njombe lote. Wiki iliyopita mwalimu wa nidhamu kaniletea watano, anasema nizipunguze. Nikamwambia, mwalimu, ungezaliwa mapema ungefurahi."

"Umeruka themanini," Judith akasema, kalamu imesimama juu ya daftari.

Dorosela akageuza gurudumu la cherehani kwa mkono, ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. "Themanini kitambaa kilikuwa adimu. Tulivaa viraka. Hakuna cha kuonyesha."

"Hapana, lazima wawepo. Hata wageni wengi waliothibitisha ni wa wakati huo. Tumewaalika hata wale ambao hawakumaliza. Yupo mmoja anafanya biashara ya maharage Makambako, anaitwa Feliciana. Amekuwa wa kwanza kujibu."

Dorosela akaliachia gurudumu. Akachukua mkasi, akaurudisha mahali pake.

Mwaka wa themanini na nane Feliciana alikuwa kidato cha tatu, msichana wa Kipangwa kutoka Mlangali, mrefu, mkimya, anayevaa soksi zilizorudiwa kisigino mara tatu. Jumamosi moja alishuka barazani na sketi yake ya marinda mkononi, amejifunga khanga. Siku zile kulikuwa na wasichana wawili waliohamia kutoka Dar es Salaam, na sketi zao zilikomea juu ya magoti. Shule nzima ilikuwa inazungumzia magoti yale.

"Nifupishie kama za wale," Feliciana akasema.

"Nitakukunjia. Wakikukamata unaachia."

"Usikunje, dada. Kata kabisa."

Dorosela alikuwa na miaka ishirini na sita, mama wa mtoto mmoja, na wateja hawakuwa wengi kiasi cha kubishana nao. Akapima, akatia chaki, akakata shubiri nzima. Kitambaa kilikuwa hakipatikani madukani, na fundi wa wakati ule hakutupa hata kipande cha kiganja. Vipande vilivyobaki vilikuwa mali ya fundi, ndivyo ilivyokuwa desturi. Jioni ileile Dorosela akakigeuza kipande cha Feliciana kuwa mifuko ya kaptula ya mwanawe Manase.

Jumatatu matroni akapita mstarini na rula. Wale wawili wa Dar es Salaam walikuwa wamekunja tu, wakaachia pindo zao haraka, wakanusurika. Feliciana hakuwa na cha kuachia. Akaambiwa aende nyumbani, asirudi mpaka awe na mzazi na sketi halali.

Dorosela aliposikia, alikimbilia kaptula ya Manase na kiwembe, afumue. Lakini kipande kilikwisha kukatwa vinne. Akasubiri wiki ya kwanza, ya pili. Akasubiri pia shule ije kumshtaki, wala haikuja. Feliciana hakurudi tena. Wakati huo mtoto wa mkulima kufika sekondari lilikuwa jambo la kijiji kizima, na Dorosela, ambaye mwenyewe aliishia darasa la saba, aliona kwamba ameikata shule ya mwenzake kwa mkono wake. Tangu siku ile hakukata tena sketi ya mwanafunzi. Alikunja tu, na ndani ya kila pindo aliacha vidole vinne vya kitambaa. Watu walimsifu kwa hilo, wakasema fundi yule ana huruma, anajua watoto wanakua. Yeye aliendelea kukunja.

Mwezi wa saba alikwenda Makambako kutafuta vitambaa. Duka la Halfan lilikuwa karibu na stendi, na Halfan mwenyewe, mzee wa ndevu nyeupe, alikuwa akimuuzia tangu duka likiwa bado la marehemu baba yake.

"Mama Manase! Nilidhani baridi ya Njombe imeshakugandisha."

"Haijaniweza, Mzee Halfan. Nipe tetroni ya kijani, ile ya zamani, inayong'aa ukiipiga pasi."

"Hiyo ya makumbusho! Ngoja." Akapanda ngazi, akashusha bunda lenye vumbi. "Naona ninyi wa Njombe mna sherehe. Juzi alikuja Feliciana wa maharage kununua kitenge cha kuvaa huko. Akaniuliza, yule fundi wa chini ya geti bado yuko hai?"

Dorosela akaweka mkono juu ya meza. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mzima kabisa, na anapunguziwa bei kila siku kwa maneno yake matamu. Hakucheka. Akasema, 'Vizuri. Nina neno naye.'" Halfan akapima kwa mkono, bila kuinua macho. "Kwani kuna nini kati yenu?"

"Hakuna. Kata mita nne."

Alirudi Njombe, akashona. Pekosi akaimaliza kwa siku moja, suruali ya kulegea kwa nusu siku. Sketi ya miaka ya themanini ikamkalia mapajani siku tatu, na alipoimaliza ilikuwa ndefu, inashuka chini ya magoti kwa upana wa kiganja, sketi ambayo hakuna matroni angeigusa. Neno la Feliciana lilimzunguka kichwani kama inzi. Neno gani mtu analihifadhi miaka thelathini na sita? Akajiona amesimamishwa mbele ya wageni, mbele ya Mwalimu Judith, na mwanamke yule ananyoosha kidole: huyu ndiye.

Noela, mke wa Manase, alikuwa akikaa naye na mtoto mchanga wakati mume yuko kwenye kazi ya mbao huko Makete. Noela hakuwa mwepesi wa kuuliza. Aliona mkwewe akitia chumvi kwenye maharage, akizunguka, akitia tena. Aliona siku mbili mfululizo chai inapoa kikombeni. Siku moja kabla ya sherehe, akiwa ananyonyesha jikoni, akamsikia mkwewe akisema:

"Kesho zipeleke wewe hizo nguo. Mimi mgongo umenikamata."

"Mgongo huu huu uliobeba debe la maji asubuhi, mama?"

Dorosela akaketi juu ya gunia la viazi. Kisha akamweleza yote, tangu ile khanga mpaka ile mifuko. Noela akamhamisha mtoto titi la pili, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kama ana neno, mwache aliseme. Akikutukana, utalia, nitakupikia uji, tutalala. Lakini ukibaki nyumbani kesho, keshokutwa utaliogopa tena. Unataka kuugua mgongo mpaka lini?"

"Wewe mtoto," Dorosela akasema, "umeanza lini kuwa na mdomo?"

"Tangu umeniwekea chumvi mara mbili."

Kesho yake kulikuwa na jua zuri la baridi. Uwanjani turubai mbili zimesimamishwa, spika zinakoroma, wageni wanapiga kelele za kukumbatiana. Dorosela alikuwa ndani ya darasa la kidato cha kwanza, pini mdomoni, anawavalisha vijana. Mvulana wa pekosi alikuwa hataki kuvaa.

"Bibi, hii nitajikwaa!"

"Wenzio walichezea dansi humo. Inua mguu."

"Na mimi wa kulegeza," akasema mwingine, "ikianguka kweli je?"

"Ndani una kaptula. Ikianguka, tabasamu."

Wote wakacheka, na katikati ya kicheko hicho mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mnene, mrefu, kitenge kipya cha bluu, lemba limepanda juu. Urefu ule Dorosela aliujua kabla ya kuona uso.

"Wewe ndiye Dorosela?"

"Ndimi." Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake.

Feliciana hakumsalimia. Alikuwa akimtazama msichana aliyesimama karibu na ubao, yule wa miaka ya themanini, na tetroni yake ya kijani inayong'aa. Akamsogelea, akainama kwa shida, akashika pindo.

"Hii ni ndefu. Zetu hazikuwa hivi." Akageuka kwa Dorosela. "Naomba tuzungumze nje, dada."

Walizunguka nyuma ya darasa, kwenye ngazi ya saruji inayotazama shamba la shule. Feliciana akakaa kwanza. Dorosela akabaki amesimama, kama mtu anayesubiri hukumu yake asomewe.

"Kaa basi. Nitakutazamaje?"

"Feliciana, kabla hujasema," Dorosela akaanza, "mimi najua. Nilikukata shule. Nilikuwa mkubwa kwako, ningekataa. Na kile kipande nilikitumia, ndiyo maana sikuweza hata kukurudishia. Siku ile haijawahi kunitoka kichwani."

Feliciana akamtazama, mdomo wazi. "Unasema nini?"

"Ile sketi."

"Mungu wangu." Feliciana akashika kichwa, lemba likapinda. "Mungu wangu, Dorosela. Ulidhani ni wewe? Miaka yote hii?"

"Kama si mimi, ni nani?"

"Ni mimi! Nilikuja kwako makusudi nifukuzwe!"

Dorosela akakaa bila kutaka.

Feliciana akaeleza haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo akiogopa utamponyoka. Mwaka ule mama yake aliugua sana kule Mlangali. Baba akaandika barua: soma, mama anaendelea vizuri. Lakini kijana wa kwao aliyekuja na lori la mahindi akamwambia ukweli, kwamba mama halali, halili, na wadogo zake wanashindia maboga. Feliciana akaomba ruhusa shuleni mara mbili. Wakamwambia alete barua ya mzazi. Barua ya mzazi ndiyo ileile iliyosema mama anaendelea vizuri.

"Kutoroka niliogopa, baba angenirudisha siku hiyo hiyo kwa fimbo. Lakini nikifukuzwa na shule? Hapo atafanya nini? Nikaona wale wasichana wa Dar es Salaam wanavyokunja na kuachia. Nikajua nikikunja wataniambia achia, basi, narudi darasani. Ndiyo nikakuambia kata kabisa. Hukumbuki?"

"Nakumbuka. Nilidhani ni mbwembwe."

"Mbwembwe! Na soksi zangu zile?" Akacheka, machozi yanamlenga. "Matroni aliniuliza fundi ni nani. Nikasema nimekata mwenyewe kwa wembe. Alinichapa vitatu kwa uongo huo, maana ulikata vizuri mno, wembe haukati hivyo."

Ndiyo maana shule haikuja barazani. Dorosela akaona ile wiki ya kwanza na ya pili, jinsi alivyokuwa akishtuka kila anaposikia viatu vya mwalimu njiani.

"Na mama?" akauliza.

"Mimi na baba tulimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Akapona. Aliishi miaka kumi na moja mingine, akawaona wajukuu wawili. Kurudi shule nilitaka mwaka uliofuata, baba akasema zamu sasa ni ya mdogo wangu. Hilo nilimlilia baba, si wewe. Hata leo nikiona wenzangu wanavyosoma risala pale mbele, naumia kidogo. Lakini sketi yako sijawahi kuilaumu. Neno nililokuja nalo ni la kukuomba msamaha. Nilikutumia kama mkasi, nikaondoka bila kuaga. Kila lori langu likipita Njombe nasema leo nitashuka, halafu aibu. Nilihofu labda ulipata taabu na shule."

Dorosela akanyoosha mkono, akamwekea sawa lemba lililopinda. Kisha akampiga kofi la begani, la nguvu kweli.

"Thelathini na sita, Feliciana! Makambako na Njombe, pua na mdomo! Ungenitumia hata kitoto na barua!"

"Nipige tena, haki yako."

"Ungeniambia siku ile, ningekukatia vilevile."

Feliciana akamtazama pembeni. "Ungekata?"

Dorosela akafikiri. "Nisingekata," akakiri. "Ningekukalisha, nikakupa uji, nikakupa na mawaidha."

Wakaanza kucheka wote wawili. Walicheka vibaya, wameshikana mikono, mpaka msichana wa miaka ya themanini akachungulia pembeni ya ukuta akiwa na wasiwasi.

"Bibi, tunaitwa. Na Mwalimu Judith anauliza sketi ipo tayari?"

"Haipo," Feliciana akasema. "Njoo hapa, binti. Dada, mkunjie. Waione ilivyokuwa kweli."

Dorosela akapiga magoti kwenye majani. Akakunja pindo taratibu juu ya magoti ya yule msichana, akachoma pini zile za ukosini. Msichana akajitazama, akafurahi, akakimbia.

Vijana walipita mbele ya wageni muziki ukivuma. Mvulana wa pekosi alijikwaa mara moja tu, akajifanya ni mtindo, wazee wa miaka ya sabini wakasimama wakipiga miluzi. Yule wa kulegeza, suruali haikumwanguka, akaonekana kusikitika. Wasichana wa sweta kubwa waliwapungia wageni kwa vidole gumba vilivyotokeza matunduni. Na yule wa kijani alipotokea na sketi yake fupi, sauti za wanawake wenye mvi zikapanda kutoka turubai la kushoto: "Jamani, magoti! Matroni yuko wapi?" Mgeni rasmi mwenyewe akavua miwani kufuta macho.

Dorosela na Feliciana walitazama kutoka nyuma, chini ya mkaratusi, bega kwa bega. Walipoletewa sahani za pilau, Dorosela alimaliza yake huku akisimulia habari za mgongo wa jana, akatazama ya mwenzake, Feliciana akamsogezea bila kuambiwa.

Noela akawafikia hapo, mtoto mgongoni, amechelewa kwa sababu ya kufua. Akamtazama mkwewe usoni kwanza, halafu sahani mbili tupu. Dorosela akanyoosha mikono.

"Nipe huyo mjukuu, ukale. Na umsalimie mama mdogo wako huyu, anatoka Makambako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo wa mkweo haujambo?"

"Umepona leo asubuhi," Noela akajibu, akimfungua mtoto.

Dorosela akampokea, akamlaza begani, akaanza kumtikisa kwa wimbo fulani wa Kibena ambao Noela hakuwahi kumsikia akiuimba. Mtoto alishalala zamani, lakini bibi yake aliendelea kuimba tu.